Spoketi, klachi na vipimo vya oili vinavyotuulia chenso huku Mufindi

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniletea chenso yake, ule msumeno wa injini wa kukatia miti, pale kibandani Mafinga, kaifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa ndani wa baiskeli, anasema fundi imegoma ghafla, asubuhi ilikuwa inakata vizuri tu. Nikavuta kamba. Nyepesi, kama navuta uzi kwenye shati. Mtu wa kazi hii akiisikia kamba nyepesi namna ile moyo unashuka kabla hata hajashika spana, maana mgandamizo ndani ya silinda umekwenda. Nikafungua ekzosi, nikamulika ndani ya lile tundu kwa tochi ya simu, na pistoni ikaonekana: michirizi toka juu mpaka chini kama imepitishwa msasa mkavu, na ringi imenasa kwenye kifereji chake haichezi hata ukiisukuma na ncha ya bisibisi. Nikamuuliza unachanganyaje petroli? Akanijibu, kama siku zote fundi, naweka oili mpaka rangi inakuwa ya chai.

Ndo maana leo nimekaa niandike. Niko kwenye chenso mwaka wa 11 sasa, sita ya kwanza nilikuwa opareta msituni na hii mitano niko mezani na spana, na nikizikumbuka zile zilizofika kwangu zimekufa, chache sana zilikufa kwa uzee. Nyingi zimeuliwa na kitu cha hela ndogo kabisa, oili iliyokosewa kipimo, skrubu ya kabureta ambayo hakuna aliyeigusa pale ilipotakiwa, spoketi iliyolika ikaachwa hivyohivyo kwa sababu "bado inazungusha". Na huyu kijana ile chenso ndo shamba lake, ndo ng'ombe wake, ada ya mtoto inatoka mle. Inauma kumwambia mtu silinda na pistoni vyote vimekwenda wakati unajua kilichoviua kingezuilika kwa dakika mbili za asubuhi.

Kwa asiyepajua huku kwetu Mufindi, mkoani Iringa: Shamba la Miti Sao Hill pekee eneo lake linazidi hekta 135,000, ukijumlisha na mashamba ya watu binafsi unakuta misindano na mikaratusi toka macho yanapoanzia mpaka yanapoishia, magari ya magogo usiku na mchana, mashine za dingdong zinapasua mbao toka alfajiri. Yote hayo yanaanza na mtu mmoja kaishika chenso chini ya mti. Kwa hiyo tukisema chenso hatusemi kifaa cha kupogolea mti wa uani.

Sasa tuanze na mchanganyo maana ndo unaoua haraka.

Injini ya chenso haina sampu ya oili kama ya gari au bodaboda. Hakuna mahali oili inakaa ikisubiri. Ile oili unayochanganya kwenye petroli ndo hiyohiyo inapita kwenye krenki, inalowesha beringi, inapita kwenye konrodi, inapaka kuta za silinda, alafu inaungua inatoka na moshi, basi imekwenda, inayofuata inatakiwa iwe njiani tayari. Na hivi vitu vinazunguka, chenso nyingi za kazi ukipiga resi bila mzigo zinafika mizunguko 12,000 na zaidi kwa dakika. Gawa hapo, ni mara 200 kwa sekunde moja. Pistoni inapanda na kushuka mara 200 kabla hujamaliza kusema jina lako, na kati yake na silinda kuna utando wa oili tu, huo utando ukikosekana hata kwa muda mfupi chuma kinashika chuma.

Kipimo kinachoandikwa kwenye vitabu vya chenso nyingi za sasa ni moja kwa hamsini kama unatumia oili nzuri ya 2T (ile ya two stroke, ya kuchanganya na petroli), yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Galoni ya lita 5 inataka mililita 100. Zile za zamani, na pia kama oili uliyopata huiamini sana, watu wanatumia moja kwa ishirini na tano, hapo ni mililita 40 kwa lita, 200 kwa galoni ya lita 5. Ni hivyo tu, haina hesabu nyingine. Fuata kitabu cha chenso yako na kile kilichoandikwa kwenye chupa ya oili, usifuate nilichosema mimi wala alichosema opareta wa jirani.

Tatizo letu huku wala sio kwamba watu hawajui hamsini, tatizo ni chombo cha kupimia. Kuna wanaopima kwa kizibo, "vizibo vitatu kwa lita", kizibo cha nini? Nilishachukua vizibo vitatu tofauti nilivyovikuta palepale kibandani nikavijaza maji nikavipima, hakuna viwili vilivyolingana. Na hao wa rangi ya chai ndo hatari zaidi, maana rangi ya oili ya 2T inawekwa na kiwanda ili ujue kwamba petroli imeshachanganywa, haikuambii imechanganywa kiasi gani. Nyingine nyekundu, nyingine ya bluu, nyingine kijani, ukibadilisha chupa na rangi ya chai yako imebadilika. Huyu kijana ndo kilichomkuta, alibadilisha oili, hii mpya rangi yake imekolea sana, akaweka kidogo tu akaona chai tayari.

Dawa yake ipo duka la dawa. Nenda kanunue bomba la sindano la cc 20, bila sindano yake, cc moja ni mililita moja, kwa hiyo bomba moja limejaa ndo lita moja ya petroli kwa hamsini. Mabomba matano ni galoni ya lita 5. Mimi hili bomba nawapa wateja wangu bure na nalifunga na uzi kwenye mpini wa galoni ili lisipotee, sijaona kitu kingine cha bei ile kinachookoa injini.

Namna ya kuchanganya nayo ina utaratibu. Weka nusu ya petroli kwanza, mimina oili, funga tikisa vizuri, alafu jazia petroli iliyobaki utikise tena. Na kila unapotaka kujaza tangi la chenso tikisa galoni tena, hasa Juni na Julai, nyie wa Mufindi mnaijua ile baridi, oili inakuwa nzito na galoni ikilala usiku kucha nje usifikiri asubuhi iko kama ulivyoiacha. Usichanganye nyingi ya kukaa, mchanganyo ukizidi mwezi mmoja petroli yake inachoka, kuwasha kunakuwa kwa shida na kabureta inaanza kujenga utando. Changanya ya wiki.

Na petroli inunue sheli. Ile ya chupa za barabarani naelewa kwamba kuna mahali hakuna jinsi, lakini hujui imekaa juani siku ngapi wala imechakachuliwa na nini, na mafuta ya taa yakiingia humo injini inagonga, inapata joto, na wewe unabaki kulaumu chenso.

Kuna watu wanafikiri ukizidisha oili ndo umeilinda zaidi. Hapana jamani. Oili ikizidi plagi inalowa na kuwa nyeusi, masizi yanajaa kwenye tundu la ekzosi, chenso inakuwa na misi, yaani inakatikakatika, na zaidi ya hapo fikiria hivi: kabureta inapitisha kiasi kilekile cha mchanganyo, kama ndani yake oili ni nyingi basi petroli ni kidogo, moto unakuwa mkavu. Yaani ulitaka kuipooza ukaichemsha. Kipimo ni kipimo.

Aina ya oili, kwa ufupi. Oili ya injini ya gari au bodaboda haifai, hiyo imetengenezwa ikae kwenye sampu, haikutengenezwa iungue. Tafuta chupa ya 2T iliyoandikwa JASO FC au FD, hizo ni alama za kiwango cha ubora. Alafu kuna hii ya boti. Binamu yangu yuko Mwanza anapasua mbao, huko oili ya injini za boti imejaa madukani, imeandikwa TC-W3, nayo ni ya two stroke kweli, akawa anatumia hiyo. Injini ya boti inapoozwa na maji ya ziwa, chenso inapoozwa na upepo wa feni yake tu na joto lake ni la juu zaidi, ile oili haikupangwa kwa joto hilo. Nikamwambia kaka hiyo waachie wavuvi.

Sasa nije kwenye kisa changu mwenyewe, maana mimi nimeshaua chenso na kipimo changu cha oili kilikuwa sahihi kabisa.

Nilikuwa bado opareta. Nilikuwa na Stihl MS 381, mashine ya cc 72, niliinunua kwa kudunduliza misimu miwili na niliipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Nikapata kazi ya kushuka Kilombero, bonde lile, kuna misaji ya kuvunwa. Nikafunga vitu vyangu nikashuka. Mafinga tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kule chini Ifakara na vijiji vyake ni chini ya mita 300. Mimi nilichokihisi ni joto tu na mbu. Chenso yangu ilihisi kitu kingine ambacho sikuwa nimefundishwa na mtu.

Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta ya chenso iliyopangwa huku skrubu zake zinakuwa zimebanwa, petroli inapunguzwa ilingane na hiyo hewa kidogo. Ukishuka nayo bondeni hewa inakuwa nzito, inaingia hewa nyingi, petroli ni ileile ya mlimani, na oili kumbuka iko ndani ya petroli. Kwa hiyo injini inanyimwa petroli na oili kwa wakati mmoja, kwenye nchi ya joto, kwenye mti mgumu.

Siku ya kwanza nilifurahi. Nasema ukweli wangu, nilifurahi, chenso ilikuwa inalia kwa sauti kali nzuri, ina nguvu, nikasema kumbe huku chini ndo kwao. Siku ya pili nikaona kitu, ukiachia resi haishuki haraka, inabaki inazunguka juu sekunde mbili tatu ndo inarudi kwenye sailensa, ule mzunguko mdogo wa kusubiri. Nikageuza kidogo skrubu ya sailensa nikaendelea. Siku ya tatu kama saa nne asubuhi, niko katikati ya gogo la msaji, sauti ikapanda juu ghafla kama mtu anayepiga yowe, ikashuka, ikazima. Nikavuta kamba, haivutiki kabisa. Nikakaa juu ya lile gogo nikasubiri ipoe, ikavutika, nyepesi. Sikuwa na hela ya silinda wala ya nauli, wenzangu ndo walinichangia.

Fundi mzee aliyenifungulia baadaye Mafinga, ambaye ndiye alinivuta kwenye ufundi, alinionyesha pistoni: upande wa ekzosi umechubuka wote, upande wa kuingizia karibu mzima. Akasema mwanangu oili ulipima sawa, ila ulishuka na skrubu za mlimani. Nimekaa na hiyo sentensi miaka yote hii.

Kwa hiyo zile skrubu. Chenso nyingi zina tatu: L ya mwendo mdogo, H ya resi kubwa, na ya sailensa ambayo nyingine wanaiandika LA na nyingine T. Ile H ndo inayoua au kuokoa. Ukiibana unapunguza petroli, ukiilegeza unaongeza. Kabla hujagusa chochote safisha kwanza filta ya hewa maana filta chafu inakudanganya, huku kwetu utomvu wa msindano unachanganyika na vumbi la mbao unaganda pale kama chapati. Washa injini ipate moto kamili. Alafu piga resi yote bila kukata, sikiliza: inatakiwa iwe na mngurumo unaokatikakatika kidogo, kama ina misi ya mbali, hiyo ni petroli ya ziada inayoilinda. Sasa iingize kwenye gogo, ule mkatiko unatakiwa upotee sauti iwe safi. Ukitoa kwenye gogo urudi. Kama hata nje ya gogo sauti ni safi kali kama filimbi basi iko kavu, legeza H kidogo kidogo, robo ya mzunguko na chini ya hapo, mpaka uisikie. Mwenye masikio machanga kazini amuite fundi, hakuna aibu hapo. Na zile mpya zenye kabureta ya umeme zinajipanga zenyewe, hizo usizitafutie skrubu.

Plagi nayo inasema. Ikiwa ya rangi ya kahawia iliyofifia uko salama, ikiwa nyeupe kama mfupa simama hapohapo, ikiwa nyeusi yenye kulowa una oili au petroli nyingi au filta imeziba. Mwanya wake ni nusu milimita.

Haya, upande wa pili sasa, upande wa cheni, huku hakuui kwa siku moja, huku kunakula polepole na watu hawaoni.

Nguvu ya injini inafika kwenye cheni kwa kupitia klachi, ngoma ya klachi, na spoketi. Hiyo spoketi ni kitu kidogo kinaenea kiganjani, kina meno saba au nane, na ndo kinachobeba kazi yote. Kila jino la chini la cheni, vile vilimi vinavyotembea ndani ya mfereji wa ba (ule upanga ambao cheni inauzunguka), linaingia kwenye spoketi na kuvutwa. Cheni inavyotumika matundu ya ripiti zake yanapanuka kidogo kidogo, cheni inarefuka, na spoketi nayo inalika kufuata ile cheni. Wanazeeka pamoja, kwa hiyo wanaelewana, kwa hiyo wewe huoni shida. Shida inakuja unaponunua cheni mpya ukaifunga kwenye spoketi ya zamani. Vilimi vya cheni mpya vinataka nafasi ya vipimo vyake na spoketi ina mashimo ya vipimo vya yule mzee aliyeondoka. Havikai. Vinapanda juu, vinadunda, chuma cha pembeni kinajikunja, na cheni mpya ndani ya siku chache tu inacheza kama imetumika msimu mzima.

Mwezi wa tatu nilipata mzee mmoja amekuja na cheni yake ya tatu ndani ya mvua hizihizi, amekasirika kweli, kasema wanatuuzia cheni feki. Inawezekana feki zipo, sikatai, zipo nyingi. Lakini nilipofungua kava nikamwita, mzee hebu weka kidole hapa. Akapitisha kucha kwenye spoketi. Kucha ikazama. Kulikuwa na mitaro pale ambapo cheni inapita, imechimbika inang'aa, kingo zake zimekuwa kali kama wembe, na ukigeuza cheni yenyewe vilimi vyote chini vina ndimi za chuma zilizojikunja. Hakusema kitu kwa muda, akaniuliza hii bei gani, nikamtajia, akanyamaza tena. Ilikuwa chini kabisa ya bei ya cheni moja, na alikuwa ameshazika cheni tatu.

Kanuni inayotumika ni spoketi moja kwa cheni mbili. Ukizungusha cheni mbili kwa zamu, leo hii kesho ile, zinalika sawa na spoketi, na zikiisha zote unatupa vyote vitatu unaanza upya. Au tumia macho: alama ya kulika ikifika nusu milimita, kama unene wa karatasi tano za daftari, badilisha, usiombe ushauri. Na ununue inayolingana na pichi ya cheni yako, yaani kipimo cha nafasi za ripiti zake. Kama maandishi yamefutika, pima toka ripiti ya kwanza mpaka ya tatu zinazofuatana, gawa kwa mbili, hiyo ndo pichi. Spoketi ya pichi ya inchi 3/8 haivai cheni ya inchi .325, wapo waliojaribu.

Kuibadilisha, kwanza achia breki ya cheni maana ikiwa imekamata ngoma haitoki na utaanza kuigonga na nyundo bure. Chenso nyingine ngoma iko nje, kuna klipsi ndogo na washa, unatoa klipsi vitu vinakuja. Nyingine klachi ndo iko nje, hapo lazima uizuie injini isizunguke: toa plagi, hakikisha pistoni inapanda na imeshapita matundu ya silinda, ingiza kamba safi ya kutosha kwa tundu la plagi, zungusha mpaka pistoni iibane ile kamba. Usitumie bisibisi wala chuma chochote mle. Alafu klachi yenyewe inafunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume na nati ulizozoea, nimeona krenki zilizoharibiwa na vijana wenye nguvu waliokuwa wanaikaza huku wanadhani wanafungua.

Ukishaifungua usikimbilie kufunga. Ndani ya ngoma kuna beringi ndogo ya sindano, itoe, ioshe, ipake grisi kidogo, watu wengi hawajawahi hata kujua ipo. Angalia viatu vya klachi na springi zake. Springi ikilegea au kukatika viatu vinafunguka hata kwenye sailensa na cheni inatembea yenyewe wakati hujabonyeza resi. Hili ni la kuchukulia kwa uzito wote. Chenso ambayo cheni inatembea kwenye sailensa usiingie nayo msituni, kwanza punguza sailensa, ikiendelea fungua klachi. Nina rafiki ana kovu la paja kwa ajili ya hiyo. Na tuache tabia ya kupiga resi huku breki ya cheni imekamata, ngoma inawaka moto pale mpaka inabadilika rangi kuwa ya bluu, na plastiki za jirani yake, pampu ya oili ikiwemo, zinaanza kulainika.

Pampu ya oili. Hapa naomba mnisikilize wanyalukolo, ndugu zangu. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari sio oili ya cheni. Najua ni bure, najua kila mtu anatumia, na mimi nilitumia. Ile imejaa chembe za chuma na masizi, zinakwenda kusaga pampu na kuziba kile kitundu kidogo kwenye ba, alafu haina mnato, ikifika kwenye cheni inayokimbia inarushwa yote. Na inarushwa wapi? Kwenye suruali yako, mikononi, usoni, unaivuta puani siku nzima. Oili ya injini iliyotumika inajulikana kusababisha saratani ya ngozi kwa mtu anayeishi nayo mwilini kila siku. Kama oili ya cheni yenyewe hujapata weka oili mpya ya injini ya bei nafuu, wengine wanaweka hata ya alizeti na inafanya kazi, ila ukiiacha humo wiki kadhaa bila kutumia inaganda kama gundi.

Kuhakikisha inapanda, elekeza ncha ya ba kwenye kisiki cheupe bila kukigusa, piga resi sekunde chache, uone mstari wa oili umechorwa pale. Hakuna mstari, hakuna kukata. Kila ukijaza petroli jaza na oili, matangi yamepangwa petroli iishe kwanza, kwa hiyo ukikuta petroli imeisha na tangi la oili bado limejaa ujue kitundu kimeziba.

Ba nayo igeuze kila ukinoa au kubadilisha cheni, kwangua mfereji, piga tupa zile kingo zilizochomoza. Cheni ikazwe ikiwa baridi, uivute kwa mkono izunguke bila kukwama na vilimi visitoke kwenye mfereji. Ikirefuka kwa moto ukaikaza msituni, jioni lazima uilegeze, maana ikipoa inajibana na inavuta krenki usiku kucha.

Ya yule kijana nimeifungua yote. Silinda na pistoni vipya tumevipata, amelipa nusu na nusu atamalizia akiuza mbao. Spoketi nilipoicheki ilikuwa imeshachimbika nayo nikaweka nyingine, na beringi ya ngoma ilikuwa kavu kabisa, imebadilika rangi. Nimemwambia matangi matatu ya kwanza asipige resi yote ikiwa hewani bila mti, aiache izoee. Na kwa kuwa mwezi ujao anashuka Kilombero kwenye misaji, nimeilegeza ile H kidogo na nimemwandikia kwa maka penu nyekundu kwenye kava la filta: UKIFIKA CHINI SIKILIZA KWANZA. Anakuja kuichukua kesho asubuhi, bomba la cc 20 nimeshalifunga kwenye galoni yake.